Stinga ya Jipu la Elpidius

Elpidius alipofunga stinga kwenye gari lake la jipu, alituita wanaume wote wa kijiji chetu hapa Nyakakika tuje kuitazama, kama vile amejaliwa mtoto. Tulikwenda. Tukaona bomba nene la chuma lililokunjwa mfano wa upinde, limechomelewa katikati ya bampa la mbele, limechomoza hatua nzima kisha likapanda hadi usawa wa boneti.

"Linafanya kazi gani?" aliuliza mzee Celestin, mwenyekiti wetu wa chama cha machela.

Elpidius alikuwa ameyaona mambo hayo kwenye simu, video za watu wa mbali wanaoshuka majabali kwa magari. Akatueleza kwamba gari likishuka mteremko mkali linaweza kupinduka kifudifudi, mkia juu, na hapo stinga hutangulia kugusa chini ikalizuia. Tena inakinga rejeta. Tena kamba ya winchi hupita juu yake vizuri.

"Winchi iko wapi?" nikauliza.

"Nitanunua."

Mimi naitwa Revelian, ni katibu wa chama hicho, na upuuzi huwa siuvumilii. Nikamwuliza ni gari gani limewahi kupinduka kifudifudi hapa kwetu tangu barabara ichongwe. Akasema mimi sielewi magari. Kweli, sielewi. Lakini hata Egbert, fundi aliyelichomelea lile bomba kule Nyaishozi, alimwambia mbele yangu: "Bwana Elpidius, kitu hiki ni kizuri kwa anayeshuka majabali. Njia zenu zina mitaro. Pua ikiwa ndefu itagonga ukingo kabla tairi halijafika. Chuma chenyewe kizito, springi za mbele zitachoka. Na mtu akikaa vibaya barabarani, hutamgonga, utamchoma." Elpidius akamjibu kwamba amemlipa achomelee, hakumlipa ahubiri.

Basi, lile bomba lingebaki kichekesho cha kijiji na mimi ningeridhika. Ila wiki hiyohiyo Elpidius alikuja kwenye kikao akajitoa chamani. Hapa kwetu kila nyumba hutoa bega. Mgonjwa akizidiwa, wanaume wanane hubeba machela ya kusuka, ile tunayoiita engozi, wanane wengine huwapokea njiani, na wanawake hufuata nyuma na uji na nguo mpaka zahanati. Elpidius alisimama akasema zama hizi mtu kubebwa mabegani ni aibu, na kwamba yeye ana gari lenye stinga. Tukalifuta jina lake. Mama yake, Yudesi, mjane anayekaa kwenye kibanja chake mwenyewe, alisema yeye habanduki chamani, akaendelea kutupikia uji kila ilipofika zamu yake.

Katikati ya masika Yudesi aliteleza migombani akiwa na mkungu kichwani. Nyonga ikavunjika. Yowe likapigwa, tukatoa machela mbio, na tulipofika tukamkuta Elpidius ameshamlaza mama yake kwenye kiti cha nyuma cha jipu.

"Rudisheni tenga lenu," akatuambia. "Mama yangu si mkungu wa ndizi."

"Mwanangu, njia ya bondeni imeharibika," Yudesi alisema huku ameuma meno.

"Tulia mama. Tuna stinga."

Lazima niseme ukweli: waliposhuka mteremko wa bondeni, gari halikupinduka. Stinga ilifanya kazi yake barabara, kama ilivyoifanya siku zote jipu likiwa limeegeshwa uani. Bondeni, hata hivyo, mvua ilikuwa imechimba mtaro. Jipu la kawaida lingeinama, likapanda, likaenda zake. La Elpidius lilichomeka lile bomba kwenye ukingo wa pili kama jembe, likagota. Akakazana kurudi nyuma, na bampa likajikunja likaingia kwenye tairi. Gari likaishia hapo.

Sisi tulikuwa juu, tunaona kila kitu. Sitaficha, nilicheka. Nilicheka mpaka niliposikia Yudesi analia kila jipu linapotikisika, nikaona haya. Hakuna aliyeshuka. Tulikuwa tumefukuzwa, na kwa desturi machela huitwa kwa yowe. Elpidius alichukua sepeto akaanza kuchimba. Alichimba karibu nusu saa, akilizungukia bomba taratibu asije akakwangua rangi, na yowe hakupiga. Aliyepiga yowe ni mama mwenyewe, amelala palepale kwenye kiti cha nyuma, kwa sauti nyembamba, mara mbili.

Tuliteremka mbio. Tulimtoa polepole tukamlaza kwenye machela, tukashika miti. Elpidius akaja kuweka bega lake mbele, upande wa kulia.

Mzee Celestin akamzuia kwa kiganja. "Wewe si mwanachama."

"Mzee Celestin, huyu ni mama yangu!"

"Najua. Sisi tunakwenda kwa hatua moja, na wewe hatua zetu umeziacha. Ukikosea moja tu, nyonga yake ndiyo itakayoumia. Fuata nyuma."

Nyuma ni mahali pa wanawake. Kemirembe, jirani yake Yudesi, akamkabidhi kitenge cha mgonjwa. "Shika hiki, baba," alisema, na Elpidius akakishika kwa mikono miwili.

Tulikwenda mwendo wa saa mbili kwenye utelezi. Kila Yudesi alipoguna, nilimsikia mwanawe huko nyuma, "Pole mama, pole mama." Nilitaka kufurahi. Siku hii nilikuwa nimeingoja kwa hamu na maneno yangu ya kumchoma nilikuwa nimeshayapanga. Badala yake nilimwonea huruma, na nilichukia kumwonea huruma.

Kwenye lango la zahanati, mgonjwa aliye na fahamu huwashukuru waliombeba, mmoja mmoja kwa jina, kabla hajaingizwa ndani. Tukajipanga. Elpidius naye akaja akasimama mwisho wa mstari, matope mpaka magotini.

Yudesi alianza, midomo imemkauka. Asante Celestin. Asante Gideon. Asante Revelian. Asante Melkiory. Alitaja majina kumi na sita na hakumsahau hata mtu mmoja. Kisha akafika mwisho. Elpidius aliinamisha kichwa, akangoja. Mama yake akamtazama, akamtazama sana.

"Nipe kitenge changu," akasema.