Moyo Uliofukiwa Duarani

Maji yalinifika kiunoni. Nilikuwa nimesimama chini kabisa ya duara, shimo la dhahabu la baba mkubwa Marcel, tochi imefungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli, nikipapasa tope kwa mikono miwili. Juu, mbali, mchana ulikuwa umebaki kipande cha mwanga kisichozidi ukubwa wa ungo, na ukingoni mwa mwanga ule kilionekana kichwa kimoja tu, kimefungwa kitenge. Kichwa cha mama yangu.

“Umeupata?” aliita.

“Bado!”

“Basi usipande!”

Ulikuwa mwaka ambao mvua za El Niño zilirudi, na mashimo ya upande wa Geita yalikuwa yamegeuka visima. Matimba, yale magogo yanayozuia kuta zisituangukie, yalikuwa yamelowa na kutoa mlio kama meno yanayosagana. Wachimbaji wenye akili walikuwa nje wakicheza bao. Mimi nilikuwa ndani, nikiutafuta moyo wa mdogo wangu.

Moyo wenyewe, ule wa nyama, ulikuwa kifuani mwa Generosa, nyumbani kwetu Nyahanga, mjini Kahama, ukipiga kwa shida kama ulivyopiga tangu alipozaliwa. Miaka kumi na mmoja midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau, na kucha zake vilevile. Uliokuwa topeni ulikuwa sura ya moyo huo, wa plastiki ngumu nyeupe kama maziwa, uliochapwa na mashine huko India. Ndiyo, uliochapwa. Sanket ndiye aliyetumia neno hilo, nasi tukamcheka mpaka akanuna.

Sanket ni mtoto wa Champaben, mwenye duka la sukari na vitambaa sokoni. Tulicheza mpira wa chandimu pamoja mtaani kabla hajapelekwa India kusomea udaktari. Yeye alipata vitabu. Mimi nilipata magazeti ya zamani ambayo mama yake alifungia sukari, na katika kurasa zile za mashairi, zilizonata kwa sukari guru, ndimo nilimojifunza vina na mizani bila mwalimu wala kiboko. Sijawahi kuona aibu kwa hilo. Champaben hakuwa mtu wa kusema huruma. Alisema tu kwamba Generosa ndiye mtoto pekee pale sokoni anayejua kunyamaza, na mwaka uliotangulia akawachukua yeye na mama hadi Nairobi. Huko mdogo wangu alilazwa ndani ya mashine iliyompiga picha za kifua kipande baada ya kipande, kama mkate unaokatwa silesi. Picha zilikwenda India. Kompyuta ikazisoma, mashine ikapanga plastiki utando juu ya utando, na moyo ukasimama mezani kwa madaktari, ukubwa uleule, kasoro zilezile.

Ilichapwa zaidi ya mmoja. Mmoja ulibaki kwa daktari mkuu. Mwingine Sanket alikuja nao likizo, akauweka juu ya meza yetu, akaufungua vipande viwili kama chungwa.

“Hapa ukuta una tundu,” alisema. “Damu chafu na damu safi zinachanganyika.”

“Kama maduara mawili yaliyotobozana,” nikasema.

“Maduara siyajui, Donatus. Wewe ndiye panya wa chini ya ardhi.” Akasogeza kidole. “Na hapa njia ya kwenda mapafuni imebanwa. Kwa kawaida tunapasua hapa tuipanue. Lakini tazameni mshipa huu.”

Ulikuwa mwembamba kama utambi, umepita sawasawa pale alipoweka kidole.

“Huu unaulisha moyo wenyewe. Kwa watu wengi haupiti hapa. Tungeukata bila kujua, mtoto asingeamka. Sasa mwalimu wangu ameufanyia mazoezi moyo wa plastiki mpaka akapata njia ya pembeni.”

“Katika mazoezi hayo,” mama aliuliza, “ameua mingapi?”

Sanket hakuficha. “Wa kwanza, mama. Tukachapa mwingine. Huo ulipona.”

Mama akaitikia kwa kichwa taratibu. Nadhani ni jibu lile, zaidi ya mashine zote, lililomfanya akubali. Generosa akauchukua moyo wake, akaugeuza mkononi. “Mbona mdogo hivi?”

“Ni saizi yako,” Sanket akamwambia.

“Ndiyo maana kaka Donatus hajawahi kuenea humu.”

Tulicheka. Lakini kwetu mtoto hapelekwi kupasuliwa ugenini bila neno la upande wa baba, na baba yetu alikuwa amekwisha kufariki. Neno lilikuwa la kaka yake, Marcel, mwenye duara. Alikuja, akaketi, akaushika moyo kwa muda mrefu kuliko alivyoushika mtu yeyote. “Nitawaonyesha wazee wa ukoo,” alisema, “kisha nitatoa neno.” Mama akamkabidhi kwa mikono miwili, kama anavyopewa shemeji mkubwa kitu chochote.

Wazee wa ukoo hawakuuona. Jumapili iliyofuata alifika Mageni, rafiki yangu anayezungusha winchi pale machimboni, akakataa hata maji ya kunywa. Alitueleza kwamba mganga alikuwa amemwambia Marcel kuwa mkanda wa mwamba wenye dhahabu anaoukosa utafunguka ukilishwa moyo wa mtoto ambaye bado anapumua. Kwa maneno kama hayo watu wengine wamemwaga damu. Marcel akaona amepata njia isiyo na damu, na ninaamini kabisa alijiona mtu mwema. Akaufukia chini ya duara lake, na pombe ikamwagwa juu.

“Ni plastiki tu,” nilimwambia mama. “Sanket anaondoka na Generosa Jumatano kwa ndege. Moyo wa kufanyia kazi uko India. Acha huo wa duarani uoze huko.”

“Plastiki haiozi,” alisema. “Na mimi si mjinga, najua ni plastiki. Lakini aliyeufukia hakufukia plastiki. Amemfukia mwanangu. Sitamlaza mtoto juu ya meza ya visu huku mtu wa damu yake anakula dhahabu juu ya kaburi lake. Usipotoka huo moyo, haendi.”

Kesho yake tukapanda lori la mahindi, mimi na yeye.

Pale duarani Marcel alitupokea vizuri. Mama akamwamkia, naye akaitikia. Nikasema nilichofuata. Wanaume wakasimama. Mchimbaji haingii duara la mwenzake bila ruhusa. Ndiyo sheria ya machimbo yote, na mimi niliijua kuliko sala ya Baba Yetu.

“Ningi wetu huyu,” Marcel aliwaambia watu wake, akitumia jina wanaloitwa watunzi wa nyimbo za ngoma, “akili yake iko kwenye nyimbo. Hakuna moyo hapa. Kuna tope. Rudi Kahama ukatunge.”

Wakacheka. Nilikunja ngumi. Walikuwa wanane, nami nilikuwa tayari kupigwa na wote wanane.

Ndipo mama alipovua ndala zake. Akazipanga vizuri pembeni, akatembea hadi mdomoni mwa duara, akashika kamba. Mwanamke hakaribii duara. Husemwa kwamba akishuka ndani tu, dhahabu hukimbia na kuacha mwamba mtupu. Wale wanaume waliruka nyuma kama waliomwona nyoka.

“Shemeji!” Marcel alipiga kelele. “Unafanya nini?”

“Nashuka.”

“Utaniharibia! Miezi na miezi nimechimba hapa!”

“Najua. Mageni, mwanangu, nifunge kiunoni. Ukizungusha winchi vizuri nitafika chini salama, na nitakaa huko mpaka nichoke. Nina hamu ya kuona dhahabu inavyokimbia.”

Mageni alimtazama Marcel. Marcel alitazama miguu mitupu ya mama, vidole tayari viko kwenye ukingo. Sijawahi kuona uso wa mtu ukipiga hesabu kwa haraka namna ile.

“Mshusheni kijana,” alisema.

Hivyo ndivyo nilivyoshuka, na ndiyo maana mama hakuondoka ukingoni: aliketi pale, mguu mmoja ndani, kama rehani. Nilipokuwa nikipapasa, hasira ilinijaa hata tope nikaliona la moto. Nikaimba kwa nguvu, ili kila aliye juu asikie:

*Mwenye duara sikia, moyo si wa kufukia,*
*Dhahabu ukililia, toa jasho lako pia.*

Duara lina sauti kubwa. Mageni aliniambia baadaye kwamba hata waliokuwa wakicheza bao walisimamisha mchezo.

Mkono wangu ulipita juu ya mawe mengi yenye umbo la moyo. Kisha kidole changu kikaingia ndani ya tundu. Tundu laini, la mviringo, ndani ya ukuta mwembamba. Hakuna jiwe lenye kasoro ile. Nikautia ndani ya shati, nikavuta kamba.

Juu, mama aliufuta kwa ncha ya kitenge, ndani na nje. “Mpeleke basi,” Marcel alisema. “Lakini akifia huko, usiniletee maiti.”

“Akifa nitamleta kwako kwanza, shemeji,” mama alijibu, akivaa ndala, “umsalimie.”

Jumatano tulikuwa kiwanja cha ndege, Ibadakuli. Sanket alikwisha kupanda. Generosa alikuwa amevaa gauni jipya kutoka kwa Champaben, na moyo wake ameushika kwapani kama mtoto mwingine anavyoshika mwanasesere. Ndipo tulipomwona Marcel. Alikuwa amesimama peke yake mwisho wa uzio, kofia mkononi, hasogei wala haondoki.

“Kaka,” Generosa alisema, “twende tukamwamkie.”

“Siendi.”

Akaenda yeye. Alikwenda polepole, kama alivyokwenda kila mahali. Alipofika mbele ya Marcel alichuchumaa. Watoto wenye ugonjwa ule huchuchumaa pumzi inapowaishia. Na mtoto wa kike wa kwetu huchuchumaa pia anapomwamkia mkubwa. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilimwona Marcel akiinama, akisema kitu. Nikageuza uso nikatazama ndege.

Generosa alirudi wakati pamba imekwisha kuvunwa, ana kovu refu katikati ya kifua, na midomo yenye rangi ya midomo ya watu. Siku ya pili nilimuuliza: siku ile kiwanjani ulikuwa ukimwamkia yule mtu, au ulikuwa umechoka?

“Na wewe,” alisema, “ulikuwa umechoka nini, hata ukashindwa kwenda?”

“Sikuchoka,” nilimwambia. “Sikutaka.”

Alicheka. Alicheka kwa muda mrefu, bila kuishiwa pumzi, mpaka mama akatoka jikoni, mwiko mkononi, akasimama mlangoni kumsikiliza.