Zamu ya Mashoto

...na amekuja nalo vilevile, shingo ya gitaa imeelekea kulia, nyuzi nyembamba juu na nene chini, kama mtu aliyevaa shati nje ndani na hataki kuambiwa, Mwalimu akaona, akajifanya hakuona, akahesabu moja mbili tatu nne, wimbo ukaanza, na sasa zamu inazunguka duara la viti vya plastiki, iko kwa fundi majokofu, kisha mhasibu mstaafu, kisha yeye, yule dada wa maabara aliyebatizwa Mashoto, na ikimfikia itabidi Mwalimu ama ampe ishara ya kichwa acheze ama amruke mbele ya watu wote, kwani Jumamosi iliyopita alimwambia mbele ya watu haohao, ama ugeuze gitaa ama ugeuke wewe urudi nyumbani, maneno yakatoka kabla hajayatafuna, ndivyo alivyo, hasira zake ziko karibu kama kiberiti mfukoni, lakini hafichi kitu, Mwalimu akikwambia umekosea basi umekosea, akikwambia safi nenda kalale usingizi... "Washa moto, fundi, mbona vidole vina barafu!" huyo shemeji, kaka wa mke wake, mdomo wake haujui likizo, na fundi anacheka huku akizicheza noti zake nne anazozijua, lakini anazicheza, mwaka jana alikuwa hashiki mshiko mmoja wa nyuzi bila kutoa ulimi nje, leo anacheka na vidole vinajiendea, nani kama fundi, ametoka kufumua mtambo wa watu tangu alfajiri na bado kapanda ngazi hizi, harufu ya rangi inamfuata kutoka duka la rangi huko chini, aje hapa acheze noti nne... sababu Mwalimu aliitoa Jumamosi ile, tena sababu nzuri, hapa hakuna vitabu, mgeni anajifunza kwa kutazama mkono wa jirani, sasa jirani akiwa Mashoto mgeni ataona nini, atarudi nyumbani anajikuna sikio la kushoto kwa mkono wa kulia, shemeji alicheka, dada alifunga zipu ya mfuko wa gitaa polepole mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, hili ni la kaka yangu, alinikataza kugeuza nyuzi zake. Nimejifunza saa anazokuwa kazini," akashuka ngazi... saa anazokuwa kazini, neno hilo Mwalimu amelibeba wiki nzima, maana yeye mwenyewe alifundishwa na nani, miaka miwili alisimama nje ya kinyozi kusikiliza redio, kisha mbio nyumbani, sauti ameibana mdomoni isimwagike njiani, gitaa lenyewe nyuzi nne na wa tano waya wa breki ya baiskeli, na siku zile angetokea mtu wa kumwambia shika hivi usishike vile, haki ya Mungu angempasulia gitaa kichwani... mhasibu amemaliza, hakuzidisha wala hakupunguza, na macho yote yamehamia kwa dada, na dada anamtazama Mwalimu, hatazami sakafu, jibu lake amelipakata, na kichwa kikainama chenyewe, cheza, kabla mwenye kichwa hajatoa ruhusa... akaanza, dole gumba ndilo linaloimba huko juu, vidole vinabeba besi chini, kinyume na dunia nzima, uzi ambao wengine wanausukuma juu ili ulie yeye anauvuta chini kwa uzito wa mkono mzima, na unalia jamani, unalia kama mtu aliyeitwa na sauti aliyodhani ameisahau, kilio hicho Mwalimu amekitafuta miaka kumi na tano akidhani kinauzwa pamoja na nyuzi za bei, kumbe... akatafuta kosa, ndiyo kazi yake, akasubiri ateleze kwenye mshiko wa pili, hakuteleza, au aliteleza, atajuaje, ule mkono hausomeki, kila kidole kipo pasipo pake na sauti inatua palepale panapotakiwa, na hapo akaliona, hapohapo, halikuwa suala la wageni, mgeni gani amelalamika, mama wa duka la viatu alikaa jirani na dada mwezi wote uliopita, alipokosa cha kutazama akaanza kusikiliza, na ndiye amewapita wenzake wote, ni yeye, Mwalimu, aliyeona aibu kuwa na mwanafunzi ambaye yeye Mwalimu hawezi kumkosoa, akaivika aibu yake nguo ya kanuni na kuipitisha mbele za watu, yeye, mtu wa ukweli mkavu, alidanganya, tena kwa sauti kubwa... "Aisee, Mashoto!" shemeji kasahau kutania, fundi kafumba macho, mizunguko minne ya zamu yake imekwisha, dada anainua mkono kuachia zamu, shemeji tayari kainamia gitaa lake, na Mwalimu anasikia sauti yake mwenyewe ikisema, "Tena, dada." "Na mimi je, shemeji?" "Ngoja wewe!" na wimbo unazunguka uleule, mishiko mitatu ileile, ukiisha atasimama aseme, alimfukuza mbele yao na mbele yao atalikiri kosa, lakini usiishe kwanza, si kwa woga, ingawa woga upo, ni kwamba dada ameuvuta tena ule uzi, na Mwalimu ameusogeza mbele mguu wa kiti chake, inchi moja, mbili, kama mtu anayeogopa kukohoa, ili asikie vizuri.