Mtoto wa Pili Kigarini

Saa sita mchana yaya Dorotea alimvalisha Asger soksi za sufu na kofia, akamlaza kwenye kigari chake na kumsukuma nje barazani, theluji ikianguka. Wadenmaki hulaza watoto wao nje hata kwenye baridi ya kugandisha mate, na Signe, mama yake Asger, hakuona sababu ya kuiacha desturi hiyo eti kwa kuwa amehamia Toronto. Jirani mmoja aliwahi kuita polisi. Polisi alikaribishwa kahawa na keki, akaenda zake.

Siku hiyo kigari kilikuwa kizito. Dorotea alifunua blanketi, akamkuta Asger kalala, na ubavuni pake msichana mdogo kajikunja, kavaa gauni la kulalia. Alikuwa Sekela, binti yake, aliyemwacha Tukuyu kwa mjomba wake aitwaye Januari kabla hajaota meno. Saa hizo huko Tukuyu ilikuwa saa mbili usiku, na Sekela hakuwa mtoto wa kuchelewa kulala.

Signe akatoka, akachungulia.

"Wanatoshana," alisema. "Ila huyu hana soksi." Akaenda kuzileta.

Sekela akawa anakuja kila mchana, na Asger akiamka, yeye keshaondoka. Signe alinunua kigari kipana. Siku ya kuzaliwa ya Sekela alipamba meza kwa vibendera vyekundu vyenye msalaba mweupe, kama wafanyavyo kwao, japo mwenye siku yake alikuwa usingizini.

"Viza yake wameikataa tena," Dorotea alisema.

"Pole sana," Signe alimkumbatia, machozi yakimlengalenga. Saa kumi ilipogonga akamwambia, kama siku zote, "Basi, nenda. Kwetu jioni ni ya familia."

Dorotea alivaa koti, akapanda basi mpaka kwenye chumba chake, ambako hakuwa na mtu. Roho ilimuuma. Alichotamani ni kimoja tu: mtoto afumbue macho, amwone mama yake.

Kesho yake Sekela aliyafumbua. Alimtazama Dorotea kwa muda.

"Shikamoo. Wewe ndiye mama wa kwenye simu?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye mimi."

"Nataka kwa mama."

Dorotea alijua anamtaka mke wa Januari. Alimfunika vizuri, akakitikisa kigari taratibu mpaka mtoto akapitiwa na usingizi na kurudi Tukuyu kwa mama yake.