Dakika Ishirini na Tano za Chiriku

Ting, ting, ting. Nje kulikuwa bado giza niliposikia kijiko kikigonga kikombe, nikajua mume wangu ameamka na anaiba sukari. Daktari amemruhusu kijiko kimoja. Yeye hutia kimoja, akakoroga mara tatu, akanyamaza kidogo kusikiliza kama bado nimelala, kisha akatia kingine, na kingine tena.

"Vitatu hivyo," nikasema kutoka kitandani.

"Kimoja ni chako."

Mimi situmii sukari, na anajua hivyo kwa miaka hamsini sasa. Lakini aliniletea chai mpaka kitandani, huku ameshika ukuta kwa mkono mmoja kwa sababu meli ilikuwa inayumba, na hakumwaga hata tone. Mtu wa namna hiyo utamgombezaje?

Ilikuwa siku ya sita tangu watoto watupandishe kwenye ile meli ya kitalii, zawadi ya miaka hamsini ya ndoa yetu. Walitupa chumba kidogo kama stoo, chenye dirisha la duara. Kila asubuhi aliyekisafisha alituwekea vipande viwili vya sabuni, vidogo kama biskuti, na mimi nilivificha kwenye mkoba. Siku ya nne nikakuta vinne. Siku ya tano, sita. Alitabasamu tu na kufunga mlango taratibu. Sabuni hizo nilikuwa namwekea mdogo wangu, ambaye tangu utotoni hupenda sabuni kuliko peremende.

Mdogo wangu huyo tunamwita Chiriku, kwa sababu akianza kuongea hana breki. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mkuu wa stesheni moja mlimani, na alipofariki wakubwa wa reli walimwacha mjane akae kwenye ile nyumba ya stesheni. Tulionana mara ya mwisho kwenye mazishi, miaka tisa iliyopita. Yeye nyonga yake haimruhusu kusafiri, na kutoka kwetu mpaka kwake ni siku tatu za barabara mbovu, ambazo magoti yangu yameshakataa.

Sasa sikiliza. Asubuhi hiyo meli ilikuwa inatia nanga, na abiria walitakiwa kuchagua matembezi ya nchi kavu. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa saa kumi na mbili na nusu. Wenzetu wote walishajiandikisha. Sisi tulikuwa bado, kwa sababu ya wanaume wawili.

Wa kwanza ni mume wangu. Alikuwa gadi wa treni miaka thelathini na mmoja, yaani yule anayekaa behewa la nyuma na kibendera na filimbi, ambaye asipopuliza filimbi dereva haondoi treni. Filimbi yake bado anatembea nayo mfukoni. Wa pili ni mdogo wake, shemeji yangu, dereva wa basi mstaafu, ambaye watu wote humwita Usukani. Tulikuja naye kwa sababu ni mjane, na kumwacha nyumbani na paka wake kulinipa huruma, hasa kwa paka.

Saa kumi na mbili na dakika kumi tulikuwa mbele ya meza ya matembezi, nao wamekwisha kuanza.

"Basi la kutazama mandhari!" mume wangu akasema. "Mandhari gani? Utatazama kisogo cha mtu wa mbele mpaka jioni."

"Na treni je?" akasema Usukani. "Ikikuta ng'ombe njiani inabaki kupiga honi mpaka ng'ombe amalize mawazo yake. Haiwezi hata kumpisha!"

"Haimpishi kwa sababu haijapotea. Wewe uliwahi kupeleka harusi msibani."

"Mara moja tu! Na walikula vizuri."

Dada wa meza ya matembezi aliwatazama kwa upole, kalamu mkononi. Alikuwa na fomu tatu: ya treni tupu, ya basi tupu, na ya treni na basi kwa pamoja. Nilimwomba anionyeshe njia ya ile ya tatu kwenye ramani. Akaifuata taratibu kwa kalamu, bila kunikimbiza, ingawa nyuma yetu foleni ilikuwa inakohoa.

"Mnapanda na treni mpaka hapa juu, Bibi. Hapa mnabadilisha, mnashuka na basi. Mnapumzika dakika ishirini na tano."

Nikavaa miwani. Nikasoma jina la ile stesheni. Nikasoma tena.

"Hapo ndipo kwa Chiriku," nikasema.

Wanaume wale wawili walinyamaza kwa wakati mmoja, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Mume wangu akavuta ile fomu ya tatu, akaandika majina yetu yote kwa herufi kubwa, akaipuliza wino ukauke.

"Tumeandikishwa," akasema. "Usukani, funga mdomo upande treni."

Nikampigia Chiriku simu palepale. Nilisikia kelele, kitu kikaanguka, kisha akasema, "Ishirini na tano? Dada, mimi dakika ishirini na tano ndiyo salamu!" Akakata simu ili aende kujipanga.

Treni iliondoka saa mbili kamili. Ilikuwa nzuri, sina la kusema. Viti vya mbao vilivyopakwa mafuta, madirisha mapana, na mto chini kabisa kama uzi. Abiria tulikuwa ishirini na wawili, na kiongozi wetu alikuwa bwana mmoja mwembamba mwenye kibendera cha njano, mpole sana, aliyetuhesabu kila baada ya handaki kana kwamba giza hula watu. Lakini mimi macho yangu yalikuwa kwenye saa. Miaka tisa ndani ya dakika ishirini na tano. Ukitoa kushuka, na magoti yangu, na kukumbatiana, na kulia, zinabaki ngapi? Nilihesabu kwa vidole, nikapata tisa. Dakika moja kwa kila mwaka.

"Unahesabu nini?" mume wangu akauliza.

"Basi tu."

Akanitazama vidole. Baadaye nilimwona kwenye ujia na Usukani, wamesogezeana vichwa, wananong'ona kwa ukali. Nikajua wanagombana tena, nikarudi kwenye vidole vyangu.

Saa nne na robo treni ilisimama kwenye kituo kidogo karibu na maporomoko ya maji, ili watu wapige picha kwa dakika kumi. Usukani alishuka kununua kofia. Muuza kofia alikuwa na kofia nyingi, na Usukani alijaribu zote, na kwa kila moja alitaka ushauri wa Bwana Kibendera. "Hii inanifanya nionekane kijana, au inanifanya nionekane mzee anayetaka kuonekana kijana?" Bwana Kibendera, kwa vile ana adabu, akafikiria kila moja kwa makini.

Ndipo filimbi ikalia. Ndefu, safi, yenye mamlaka.

Treni ikaondoka. Wale wapiga picha walikuwa wameshapanda kukimbia jua, kwa hiyo waliobaki chini ni wawili tu, Usukani na Bwana Kibendera, mmoja amevaa kofia tatu kichwani na mwingine akipunga kibendera chake. Na gadi wa treni ile, mama mmoja mwenye kifua kipana, alikimbia na kikombe cha chai mkononi akarukia behewa la mwisho.

Alitufikia kabla hatujamaliza kona. "Nani amepuliza filimbi kwenye treni yangu?"

Mume wangu akasimama, akavua kofia. "Mimi, mama. Nisamehe. Mkono umezoea."

"Mkono umezoea! Mzee mzima! Na kwenye mwinuko huu treni haisimami! Lete hapa." Akamnyang'anya filimbi. Kisha akachomoa karatasi. "Na utajaza taarifa ya tukio, umekaa hapo hapo."

Mume wangu akaipokea ile karatasi, akaitazama juu na chini, na macho yake yakajaa machozi.

"Fomu ni ileile," akaniambia. "Hata hapa pa 'hali ya hewa' hawajapagusa."

Aliijaza kwa furaha kubwa, akaomba na karatasi ya nyongeza.

Saa tano tukafika. Chiriku alikuwa amekaa kwenye jukwaa la stesheni juu ya kiti cha jikoni, amevaa gauni la bluu, fimbo pembeni, na saa ya kengele mapajani. Amezeeka, mdogo wangu. Mimi pia nimezeeka, lakini uzee wangu nimeuzoea.

"Usilie!" akapiga kelele kabla sijamfikia. "Kulia nimekupangia dakika mbili, mwishoni!"

Alikuwa na orodha, kweli tupu. Aliiandika nyuma ya kalenda. Magonjwa, dakika tatu. Watoto na wajukuu, dakika sita. Waliofariki, tatu. Majirani, tano, na hapo aliandika kwa mabano kwamba haitatosha. Akazungusha saa ya kengele, akaanza na nyonga yake kwa kasi ya ajabu. Nikampa sabuni. Akazinusa huku akiongea, hakupoteza hata sekunde.

Tulikuwa tumefika kwenye majirani wa orodha, na kengele inakaribia kulia, dereva wa basi alipokuja kwetu akijikuna kidevu.

"Wazee wangu, hatuondoki kwanza. Orodha ya abiria anayo kiongozi, na kiongozi ameachwa kule chini. Amenipigia simu, nimsubiri. Anatafuta gari la kumleta, na barabara ile inazunguka mlima mzima. Saa mbili hivi, labda na zaidi."

"Na meli?" nikauliza.

"Meli inaondoka saa kumi na mbili jioni, Bibi. Mtaiwahi, na kuoga mtaoga."

Chiriku alitazama orodha yake. Akatazama saa. Kengele ikalia, akaipiga kofi ikanyamaza.

"Dada," akasema, "nifanye nini na saa mbili?"

Kwanza alianza upya, mwanzoni, safari hii na habari zote. Alipofika kwa jirani anayefuga bata alikumbuka kwamba karibu watu ishirini wamesimama juani kwa sababu ya familia yetu, akaamuru waletwe kwake wanywe chai. Vikombe alikuwa navyo sita. Bibi mmoja wa melini, mwenye lulu shingoni, alikunywa pamoja na bwana mmoja wa kamera kubwa ambaye mwanzoni alikuwa amekasirika sana. Kufikia kikombe chake cha pili bwana huyo alikuwa amepanda kiti anamfungia Chiriku taa ya jikoni. Ila zamu za vikombe zilileta vurugu, mpaka yule mama gadi, aliyebaki na treni yake akisubiri kurudi, akatoa filimbi mfukoni akampa mume wangu.

"Haya, Mzee. Kwa vikombe tu."

Basi akasimama mlangoni wima kama mwaka aliostaafu, akapuliza: sita watoke, sita waingie.

Na sisi wawili tukakaa kitandani kwa Chiriku, mlango umerudishwa, sabuni zimepangwa kwenye shuka mstari mmoja. Akaongea, akaongea, kisha akaisha. Naapa. Maneno yalimwisha. Aliegemeza kichwa begani kwangu kama utotoni tulipokuwa tukilala kitanda kimoja, mama yetu akitugombeza kwa kucheka, na tukanyamaza. Tulisikia filimbi, na vikombe, na kuku wake wakilalamika chini ya dirisha. Zile dakika mbili za kulia hatukuzihitaji.

Saa saba na nusu lori la kabichi likaingia likiunguruma. Usukani alishuka mbele, kofia mpya kichwani, uso umetakata. Bwana Kibendera alishuka nyuma, akiwa na jani la kabichi begani, akatuhesabu mara moja.

"Dereva mzuri," Usukani akatangaza. "Anachelewa kidogo kubadilisha gia, nimemweleza." Akamgeukia mume wangu. "Umeona? Treni imeacha watu, magari yamewafikisha. Liandikwe hilo."

"Litaandikwa," mume wangu akasema, bila kubisha hata neno.

Hapo ndipo nikashtuka. Usukani akanisogelea, akainama, akaniuliza polepole, "Shemeji, zilitosha?"

Mume wangu akakohoa, akaanza kutazama mlima. Nami nikakumbuka ukuta wa kile kituo kidogo cha maporomoko. Palikuwa na saa kubwa, na nilikuwa nikiitazama filimbi ilipolia. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Mwanamume yule, kwa miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kupuliza hata nusu dakika kabla.

"Saa yako iko sawa?" nikamuuliza.

"Saa yangu haijawahi kukosea," akasema, masikio yote mawili mekundu.

Nilimshika mkono mpaka kwenye basi, na nikaamua kwamba kesho asubuhi nitajifanya nimelala mpaka kijiko cha tatu.

Chiriku alitufuata kwa fimbo yake, akasimama chini ya dirisha letu. Injini ya basi iliwaka. Usukani alishakaa nyuma ya dereva, anamtazama miguu. Chiriku akagonga kioo, nikakifungua.

"Dada, mje tena," akasema. "Mnasikia? Mje tena kabla nyonga haijafanya mengine. Nitaandika orodha ndefu." Kisha akanyoosha fimbo akamgusa mume wangu begani. "Na wewe, shemeji, usije bila hiyo filimbi."