Madoa Matatu ya Fundi Cheche

Fundi Cheche alichomelea mageti miaka ishirini na mbili bila kugombana na jua. Ugomvi ulianza siku mwalimu mmoja wa sekondari alipofika karakanani kununua kioo cheusi cha kuchomelea, namba kumi na nne, kile kizito kuliko vyote.

"Unachomelea nini, mwalimu?"

"Sichomelei. Nataka wanafunzi wangu waone madoa ya jua."

Cheche alicheka mpaka akakohoa. Yaani hata jua nalo limechafuka? Mwalimu hakubishana, alimpa kioo, akamwonyesha juu. Lo! Vidoa vilikuwepo kweli, vyeusi, vidogo. Mwalimu alimwandikia kwenye simu anwani ya tovuti ya watu wanaovihesabu kila siku, akaenda zake na kioo chake, na fundi wa watu akabaki na ugonjwa.

Tangu hapo kila mchana, wenzake wakienda kula, Cheche alisimama nyuma ya karakana akatupia jua jicho la kulia kupitia kioo kingine kama kile. Alichora duara kwenye daftari kwa kuzungushia kifuniko cha soda, akaweka vidoa alivyoviona. Kisha alifungua simu kulinganisha, na hapo ndipo kichwa kilipokuwa kikimzunguka.

Wenye tovuti zile ni watu wa ajabu, usiombe. Mmoja alikuwa mstaafu wa posta: ukurasa mweusi, maandishi ya njano, juu kabisa picha ya paka wake, jua limefuatia chini. Wengine walikuwa watafiti wa chuo, kwao ni michoro mitupu, mistari inapanda na kushuka bila hata salamu. Wa tatu aliapa kwamba ndani ya jua wanaishi watu, ila aliomba radhi kwamba ushahidi bado hajaupata.

Siku ya kwanza Cheche aliona madoa matatu. Mstaafu wa posta aliandika sitini na saba. Watafiti wakaandika sabini na moja.

"Sitini na saba!" alijisemea. "Mimi nimeona matatu. Hayo mengine yamekwenda wapi?"

Msicheke. Mzee aliyemfundisha kazi alikuwa fundi wa kuogopwa, na leo haoni, anashikwa mkono kwenda msalani. Kazi ile ile, moto ule ule. Na Cheche, kama mafundi wengi wenye haraka, alipokuwa akishikiza chuma hakuvaa ngao ya uso. Alifumba jicho moja akachungulia kwa lingine, cha! cha! basi. Kama macho yanakufa, kazi imekufa, na nyumbani wanamtegemea yeye. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Mke wake alipomuuliza mbona hali vizuri, alisingizia jino.

"Jino gani hilo lisilotaka dawa wala kung'olewa?" mke alimuuliza.

"Linapoa lenyewe, mama watoto."

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini nani wa kumwambia mtu mwenye hofu?

Siku ya kumi na moja, akiwa amechanganyikiwa kabisa, alibofya kona ya ukurasa wa yule mstaafu ambayo hakuwahi kuigusa, palipoandikwa namna ya kuhesabu. Kumbe! Wale hawahesabu madoa kama mtu anavyohesabu mayai. Kila kundi la madoa wanalihesabu kumi, kisha wanaongeza doa mojamoja. Jua lenye doa moja tu, kwao ni kumi na moja. Tena wanatumia darubini.

"Doa moja ni kumi na moja, hesabu ya shule gani hiyo?" Cheche alifoka peke yake, huku anacheka. Alijisikia mwepesi. Alitamani kumbusu yule paka.

Chini ya maelezo yale palikuwa na kiungo cha ukurasa wa watu wasio na darubini, wenye kioo tu kama chake. Akaufungua kwa mbwembwe. Wao siku ile ya kwanza waliona mawili. Siku ya tano, mawili. Jana, moja. Akafungua daftari: matatu, matatu, mawili. Kila siku yeye amewazidi kwa doa moja.

"Macho ya mwewe haya," alisema, akajipiga kifua. Jino likapona hapo hapo.

Ila ukurasa ule uliweka na picha za kila siku, zimepangwa mstari mmoja, na Cheche hakuwa mtu wa kuacha kitu nusu. Aliziangalia moja moja. Jua linajizungusha, kwa hiyo madoa yanasogea. Leo yako huku, kesho kule, mwishowe yanavuka ukingo na kupotea. Akageukia daftari lake. Mawili yalisogea sawasawa na ya picha, na moja lilikuwa limeshatoka. La tatu halikusogea. Siku zote kumi na moja lilikaa pale pale, kando kidogo ya katikati.

Kioo kina uchafu, aliwaza. Akakisugua kwa shati, akatazama. Doa lipo. Akakigeuza juu chini. Lipo. Akachukua kioo kipya kabisa kutoka kwenye boksi. Lipo. Sasa hakuelewa hili wala lile, maana jua haliwezi kubeba doa linalogoma kutembea.

"Baba watoto!"

Mke wake alikuwa amefika na bakuli la chakula, amesimama kwenye mlango wa nyuma wa karakana. Cheche akashusha kioo. Akafumba jicho la kulia: mke wake mzima, kitambaa, bakuli, tabasamu. Akafumba la kushoto.

"Unanikonyezea nini mchana kweupe, wewe? Jino limeisha?"

Sauti aliisikia, lakini pale ilipotokea palikuwa na kivuli. Akahamishia jicho kwenye bakuli, kivuli kikamfuata. Akarudi usoni kwake, nacho kikarudi. Alitaka kusema hamna kitu. Alitaka sana.

"Mama watoto," alisema, "sikuoni mdomo."

Mke wake hakuuliza mara mbili. Aliweka bakuli chini, akaingia karakanani mpaka ukutani, akachomoa waya wa mashine ya kuchomelea.