Tatu Nane na Moja Mwishoni

Mwalimu Jolán Bódis alikuwa hamwezi Etelka. Miaka kumi na tisa alikuwa anafundisha hesabu pale mjini Kecskemét, Etelka mitano tu, halafu eti Mzee Vidor anastaafu na Jumamosi atamtaja wa kumwachia chama cha hesabu cha shule, chenye wanafunzi wanaotamba mpaka Budapest. Jolán alikitaka chama kile hadi chakula kilikuwa hakishuki.

Na Etelka naye, majira yote ya baridi, habari ni namba zake. 31 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Tia tatu mbele, 331, tasa. Tia tena, 3331, tasa. Aligawa na kugawa mpaka akafika 33333331, nayo tasa. Chumba cha walimu kikampigia makofi, hata mwalimu wa muziki ambaye kujumlisha kwenyewe kunamshinda.

"Na inayofuata?" Mzee Vidor aliuliza.

"Naona nayo itakuwa tasa," Etelka alisema.

Jolán alirudi nyumbani na wivu wake. Akabandika viazi, akakaa mezani na penseli. Alijaribu saba, ikakataa. Kumi na moja, kumi na tatu, zikakataa. Akajaribu kumi na saba, na 333333331 ikagawanyika bila kubakiza kitu. Akarudia mara tatu. Jamani, furaha aliyoipata usiku wa harusi yake haikufika hapo.

Jumamosi, kwenye sherehe ya kumuaga Mzee Vidor chumba cha walimu, alisubiri mzee apate kahawa yake, akaiweka karatasi mezani.

"Dada Etelka, pole. Inayofuata imekufa. Kumi na saba inaigawa. Viazi vyangu vilikuwa havijaiva, nimeshamaliza."

Etelka aliisoma karatasi, na Jolán akakaa mkao wa kusubiri machozi. Etelka akacheka, akanyakua chaki.

"Tatu kumi na sita zikipangwa mstari mmoja, kumi na saba inazigawa, si ndiyo? Basi zitie mbele ya hii yako, inakufa na hiyo. Tia kumi na sita nyingine, inakufa tena. Jolán, mwenzangu, hazina mwisho hizi!"

Walimu wote wakahamia ubaoni. Jolán akabaki na sahani ya vikate vya jibini.

"Mwalimu Jolán," Mzee Vidor alimwambia taratibu, "ulipoiona kumi na saba, hukutaka kujua kwa nini?"

"Nilitaka kujua kama amekosea."

Lilimtoka hivyo hivyo, na kila mtu akalisikia. Mzee Vidor alitoa ufunguo wa kabati la chama mfukoni, akampa Etelka.

"Lakini aliyeipata ni Jolán," Etelka alisema, na kwa herufi kubwa akaandika ubaoni: NAMBA YA JOLÁN. Alimaanisha, yule hana unafiki hata chembe. Hapo ndipo Jolán alipomchukia kabisa.