Sanduku la Besi na Kamba ya Mama Tahadhari

Mwenye mtoto na asikie, na asiye naye asizibe masikio, maana waya ukikatika hauulizi jicho hili ni la nani. Hii ni habari ya mama mmoja, mumewe, binti yao, na sanduku lililojifunza kuimba.

Mama huyo alikuwa akiwafulia watu nguo, na mtaa mzima ulimwita Mama Tahadhari. Jina hakupewa bure. Kisu alikionya kabla hakijashikwa, ngazi aliionya kabla haijapandwa, na majirani walisema hata maji ya moto huyaonya yasichemke kwa fujo. Ile methali ya asiyesikia la mkuu aliitumia hadi ikachakaa. Watoto wa jirani wakimwona kwa mbali humalizia wenyewe, "Huvunjika guuu!" halafu hao, mbio.

Lakini juu ya nyusi yake ya kushoto palikuwa na kovu. Zamani alikuwa akianika nguo kwenye waya wa chuma, na siku moja waya ule ukakatika ukiwa umebeba blanketi la maji, ukaja kama mjeledi. Ungeshuka kidogo tu, leo angekuwa anafua kwa jicho moja. Tangu hapo uani kwake ilifungwa kamba ya nailoni, na waya aliuogopa kama nyoka.

Sasa, huyo binti. Aliitwa Chiriku kwa sababu tangu anaamka mpaka analala mdomo wake haukutulia: ataimba, atapiga mluzi, atagonga sufuria. Yeye na wasichana wenzake wawili walikuwa na kundi la muziki. Mwenye gitaa walimwita Kiranja kwa kupenda kuamrisha, wa pili alipiga debe, na Chiriku, kwa kuwa hakuwa na chombo, alipiga makofi.

"Makofi!" alilalamika siku moja akimsaidia mama yake kukamua shuka. "Makofi hata mbu hupigiwa."

Ndipo akaamua kutengeneza besi, chombo cha sauti nzito.

Sanduku alilipata kibandani kwa baba yake, fundi baiskeli. Lilikuwa la mbao nyembamba, lililoletewa vipuri. Akaligeuza kifudifudi, akalitoboa tundu katikati ya mgongo. Likabaki suala la mpini, na hapo ndipo mama alipopata habari.

"Fagio langu liko wapi?"

"Limekwenda kusoma muziki," alijibu baba mtu bila kuinua macho kwenye gurudumu lake.

"Usinichekeshe, mume wangu. Nimekuta kichwa sakafuni, shingo hakuna!"

Shingo ilikuwa kwa Chiriku. Aliichonga pengo dogo chini ili ikae juu ya ukingo wa sanduku isiteleze. Baba akatoa waya wa breki. Ncha moja wakaipitisha kwenye tundu, wakaifungia nati kubwa kwa ndani isichomoke. Ncha ya pili wakaikaza juu kabisa ya mpini. Chiriku akaweka mguu mmoja juu ya sanduku, akauvuta mpini nyuma, akaudonoa waya. Akivuta, sauti inapanda, akilegeza, inashuka. Lakini ilikuwa sauti ya mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Baba akachomeka kibao chini ya ukingo mmoja, sanduku likainuka kidogo, likapata pa kupumulia.

Buuum!

Vikombe vikatetemeka kabatini. Chiriku akacheka hadi akakaa chini. Alisema sauti imempanda kwa unyayo ikamtokea kifuani.

Mama Tahadhari hakusikia buuum. Aliona waya tu.

"Huo waya, baba Chiriku."

"Huu umesimamisha baiskeli ya mizigo kwenye mteremko. Utashindwa na kidole cha mtoto?"

"Na kwa nini ulitolewa kwenye hiyo baiskeli?"

Fundi akakohoa. "Mwenyewe alitaka mpya."

"Ahaa."

Wakacheka, baba na binti, na mama akarudi kwenye karai lake. Alisema tena jioni, akasema tena kesho yake. Alisema na kuhusu mbao zenye vibanzi, na mguu usiteleze juu ya sanduku, na koo lisiimbe likiwa na njaa. Onyo la waya likazama katikati ya hayo mengine kama sindano kwenye pipa la sabuni.

Siku zikaenda, kundi likaalikwa kupiga kwenye harusi ya jirani, nyumba ya tatu kutoka kwao. Kiranja alikuja mwenyewe kuweka mambo wazi.

"Shikamoo, mama. Chiriku, sikia. Harusini patakuwa na kaka mmoja ana besi ya umeme, amesema yuko tayari kuingia kundini. Mimi nimesema tuna mtu wetu. Usiniangushe."

"Na nikikuangusha?"

"Utarudi kwenye makofi yako ya mbu."

Basi asubuhi ya harusi, Chiriku akiwa bafuni, mama akalichukua sanduku alifute vumbi. Kitambaa kikanasa. Akainama kuangalia, na pale waya ulipokuwa ukisugua ukingo wa tundu, nyuzi za chuma zilikuwa zimekatika na kusimama kama ndevu za paka. Zilizobaki nzima zilikuwa chache.

Akaenda mlangoni mwa bafu.

"Mwanangu, ule waya..."

"Mama, leo hapana!" sauti ikatoka pamoja na maji. "Nakuomba, leo tu, nipumzishe na maonyo!"

Akasimama pale, mkono juu ya mlango. Mumewe alikuwa ameshatoka kwenda kusaidia kufunga turubai. Angeweza kumsubiri binti atoke, amwonyeshe kwa kidole. Hilo ndilo lilikuwa jambo la kufanya. Lakini aliona kwamba maneno yake yameishiwa thamani mle ndani kama sarafu ya zamani, akaamua kutumia mikono. Akaufungua waya, akaukunja, akautia kwenye mkoba wake asije mtoto wa mtu akauokota. Kamba ya uani ilikuwa imejaa shuka za watu, kwa hiyo akachukua ile nailoni mpya aliyoinunua jana yake, ingali imeviringwa vile vile kama ilivyotoka dukani. Akaifunga kwa fundo lake la kufulia. Akalifunika sanduku kwa kanga na kulibeba yeye mwenyewe hadi harusini, akasema ni la heshima, lisitazamwe kabla ya wakati.

Mwanamke aliyefunga kamba za nguo maisha yake yote alijua vizuri tabia ya nailoni mpya. Inalegea. Ukitaka itulie, uiloweshe, uitundikie blanketi zito siku kadhaa, ndipo uiamini. Alijua. Ila asubuhi ile akili yake yote ilikuwa kwenye jicho.

Harusi ilijaa. Watu walibanana kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, bibi harusi akajifuta jasho, Kiranja akahesabu, gitaa likaanza. Chiriku akafunua sanduku, akaona kamba nyeupe mahali pa waya. Hakukuwa na nafasi ya kuuliza. Akavuta mpini.

Buuum. Ilikubali! Wimbo wa kwanza ukapita, wageni wakapiga vigelegele, na Mama Tahadhari kule nyuma akashusha pumzi.

Wimbo wa pili, sauti ikaanza kuchuchumaa. Chiriku akaongeza kuvuta. Ikashuka tena. Akavuta zaidi, mpini ukalala, na yeye akalala nao, akawa amejipinda nyuma kama mtu anayevutana na mbuzi asiyetaka kwenda.

"Binti anapiga muziki au anavua samaki?" akauliza mjomba wa bwana harusi, mtu mnene mwenye sauti ya kipaza.

Wageni wakaangua kicheko.

"Mvute taratibu! Asije akatoroka na ndoana!"

Debe likapotea, gitaa likanyamaza kabla wimbo haujaisha. Wakati chakula kinagawiwa, Kiranja akamvuta Chiriku kando.

"Unatushusha. Yule kaka ataleta besi yake, atamalizia."

"Na wiki ijayo?"

"Wiki ijayo tutaona."

Nani asiyeijua hiyo tutaona? Chiriku aligeuka, na macho yake yakamtafuta mtu mmoja tu. Akamkuta amesimama nyuma ya turubai, mkoba kifuani.

"Mama. Umefanya nini?"

Akafungua mkoba, akatoa waya. Fundi baiskeli akafika mbio na koleo lake mfukoni, maana huyo hata msibani huenda nalo.

"Lete nirudishe haraka, bado kuna muda."

Mke wake akamwekea kiganjani, upande ule ule wenye ndevu za chuma.

"Aa!" Akaitazama damu kwenye kidole, halafu akautazama waya kwa jicho la kazi. Polepole akaupitisha kwenye kigingi cha turubai, akageuza uso upande, akauvuta kama binti yake alivyokuwa akiuvuta. Ting! Ncha ikaruka, ikapita kwenye mkono wa shati lake na kuacha mpasuo safi, utadhani wa wembe.

Baba alimtazama Chiriku, akapima kwa macho kutoka kwenye sanduku mpaka usoni pake.

"Mama watoto," alisema, "mimi nilikucheka."

Lakini Chiriku hasira haikuwa imemwisha. "Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuja mlangoni."

"Ulikuja na onyo. Unakuja na onyo kila siku, mama! Onyo la ngazi, onyo la sabuni, onyo la upepo. Nitajuaje lipi la kweli? Ungenishika mkono ukanionyesha. Umenifungia fundo nyuma ya mgongo wangu, nimechekwa na watu wote hawa."

Maneno hayo yalimwingia. Angeweza kujitetea, na sababu alikuwa nayo, imelala pale kwenye kigingi imekatika vipande viwili. Badala yake akasema, "Hapo nimekosa, mwanangu. Jicho nimeliokoa, heshima yako nimeiangusha." Kisha akaitazama ile kamba nyeupe iliyolegea, na akili ya kufua ikamrudia. "Huyo wa umeme, mwambieni anywe soda kwanza."

Mama Tahadhari, ambaye hakuwahi kukimbia kwa kuogopa kujikwaa, akakunja kanga na kukimbia. Nyumba ya kwanza, ya pili, uani kwake. Shuka za watu zilikuwa zimekauka, nyeupe, zinacheza na upepo. Hakuna cha kikapu wala cha kukunja. Akafungua fundo upande huu, akafungua upande ule, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi, shuka safi za watu zikashuka mpaka chini kwenye vumbi, naye akazipa kisogo.

Alirudi na kamba shingoni, vibanio viwili bado vimening'inia.

"Haya, mvuvi amepata mshipi," alisema mjomba, "na nguo zetu tulete?"

"Lete, shemeji," akajibu bila kusimama, "ila hilo shati lako kwanza tutaliloweka siku mbili."

Safari hii kicheko kilimwendea mjomba.

Akapiga magoti mbele ya sanduku. Hakufunga peke yake. Alimwita binti, akamwonyesha: hapa inazungushwa, hapa inapita chini, hapa inajibana yenyewe kadiri unavyovuta. "Shika mwenyewe. Hii imebeba mablanketi ya maji miaka mingi. Imeshanyooka mpaka pa mwisho, haina tena pa kwenda. Na ikikatika, itaanguka tu kama mlevi, haitampiga mtu." Akamwachia ncha ya kamba. "Hilo ndilo onyo la leo. Sina jingine."

Chiriku akaikaza kwa mikono yake. Akaweka mguu juu ya sanduku, baba akasukuma kibao chini ya ukingo. Yule kaka alikuwa ameshachomeka waya wa umeme, lakini Kiranja aliinua mkono: ngoja.

Buuum.

Ilikuwa nzito kuliko ya waya, na laini, kama mlango mkubwa unaofungwa polepole. Chiriku akavuta, ikapanda. Akaiacha pale juu, na wote wakasikiliza, mama akiwa ameuma ncha ya kanga. Haikushuka.

Kiranja akahesabu. Gitaa likaingia, debe likafuata, na chini yao sanduku likatembea, dum na dum, mpaka maji yakatikisika ndani ya bilauri mezani. Wa kwanza kuinuka alikuwa mjomba. Akacheza na tumbo lake lote, akionyesha kwa mikono kwamba samaki ni mkubwa namna hii. Yule kaka wa besi ya umeme naye akachomoa waya wake, akakaa, akamalizia soda akitingisha kichwa.

Walipokuwa wakifunga vyombo, Kiranja alipita karibu na Chiriku, akasema kama anayeongea na hewa, "Wiki ijayo uje mapema. Na hilo fundo unifundishe."

Shuka zilifuliwa upya, mama na binti kwenye karai moja. Ile nailoni mpya ndiyo sasa iliyofungwa uani, ikatundikiwa blanketi kubwa kuliko yote, linalochuruzika maji, maana kamba ya zamani nayo ina umri wake na sanduku litataka nyingine. Kila asubuhi Chiriku akipita huidonoa kwa kidole, na mama yake husimama na ndoo mkononi kusikiliza.

"Bado," husema mama.

"Bado kidogo," husema Chiriku.

Nanyi wazazi wenzangu, watoto wenu wakijenga sanduku hili, wanyimeni waya, wapeni kamba, na muwaonyeshe fundo wakiwa wanatazama.